Kuchunguza Kifo cha Ghafla cha Kompyuta: Kisa cha Faili Lililofutwa Lingali Wazi

Kompyuta yoyote, iwe ndogo ya mezani au kubwa ya kuhudumia benki nzima, huongozwa na programu moja iliyo juu ya programu nyingine zote. Programu hiyo huitwa mfumo endeshi, na sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu, ndicho kinachosoma na kuandika katika diski, na ndicho kinachoamua ni kazi ipi ipewe zamu kwa wakati fulani. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huiua hiyo peke yake, nazo nyingine huendelea. Lakini kiini chenyewe kikikosea hapana aliye juu yake wa kukirekebisha. Mara nyingi mashine yote husimama, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Mahali ambapo mafaili ya watu wengi yamewekwa katika mashine moja na kusomwa na mashine nyingine kwa njia ya mtandao, kama ilivyo katika maabara nyingi za kompyuta za vyuo, hasara hiyo si ya mtu mmoja. Aidha uchunguzi wake ni mgumu zaidi, kwa kuwa kuna mashine mbili au zaidi ndani ya kesi moja, na kila moja inaujua upande wake tu.

Makala haya yanaeleza jinsi wahandisi wanavyochunguza ajali ya namna hiyo, kwa kufuata kisa cha kweli kilichotatuliwa mwaka 2007 katika mfumo endeshi wa Linux. Jambo moja msomaji hana budi kulishika tangu mwanzo: mahali kiini kilipoangukia mara nyingi sipo mahali kosa lilipotendeka.

Faili na jina lake

Ili kukielewa kisa hiki, yafaa kwanza kurudi kwenye mfumo endeshi wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, nchini Marekani. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, hufuata desturi zile zile za Unix.

Moja ya desturi hizo ni kwamba faili na jina la faili ni vitu viwili mbalimbali. Kila faili lina kadi yake, iitwayo inodi, ambamo huandikwa ukubwa wa faili, mwenye faili, na mahali yaliyomo yalipowekwa katika diski. Jina halimo katika kadi hiyo. Jina ni kama kibandiko kinachoelekeza kwenye kadi, na faili moja laweza kuwa na vibandiko viwili au vitatu.

Kwa hiyo mtu anapofuta faili katika Unix, anachofanya hasa ni kubandua jina. Kiini hutunza hesabu mbili kwa kila faili: majina mangapi yanaelekeza kwenye kadi yake, na programu ngapi zimelifungua. Yaliyomo hufutwa pale tu hesabu zote mbili zinapofika sifuri. Programu yaweza kufungua faili la muda, kulifuta jina lake papo hapo, na kuendelea kuandika ndani yake bila wasiwasi. Programu hiyo ikimaliza kazi, au hata ikifa ghafla, faili hutoweka lenyewe bila kuacha takataka. Programu nyingi zimetungwa kwa kuitegemea desturi hii.

Katika mashine moja mpango huu hauna shida, kwa sababu kiini ni kimoja na hesabu zote mbili zimo mkononi mwake.

Seva isiyokumbuka

Mwaka 1984 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitunga utaratibu uitwao NFS, yaani mfumo wa mafaili wa mtandao. Kwa utaratibu huu kompyuta moja huweza kupachika sehemu ya diski ya kompyuta nyingine, na kuitumia kana kwamba ni yake. Kompyuta inayotunza mafaili huitwa seva, na ile inayoyaomba huitwa mteja. Kazi ikiisha, mteja huipachua sehemu ile.

Watunzi wa NFS walifanya uamuzi mmoja mzito, nao ni kwamba seva isikumbuke lolote kuhusu wateja wake. Kila ombi sharti lije na maelezo yote yanayohitajika, kama barua inayojitosheleza: soma faili fulani, kuanzia baiti fulani, kwa urefu fulani. Sababu yao ilikuwa nzuri. Seva ikizimika na kuwaka tena haina kumbukumbu iliyopotea ya kuitafuta. Mteja hurudia ombi lake hadi ajibiwe, basi. Mfano wake ni mwenye duka asiyekopesha. Hata akifunga duka kwa siku tatu, siku ya kufungua hana daftari la madeni la kusahihisha. Toleo la 2 la NFS, ambalo maelezo yake rasmi yalichapishwa mwaka 1989, na toleo la 3 la mwaka 1995, yote mawili yalifuata njia hiyo. Ni toleo la 4, lililochapishwa kwanza mwaka 2000, lililoifanya seva ikumbuke mafaili yaliyofunguliwa.

Hata hivyo uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Seva isiyokumbuka haiwezi kujua kwamba kuna programu, katika mashine ya mbali, iliyofungua faili fulani. Ikiambiwa futa, itafuta mara moja, na programu ile itajikuta inasoma faili lisilokuwapo. Desturi ya Unix iliyoelezwa hapo juu ingevunjika.

Ili kuilinda desturi hiyo, kiini cha mteja hufanya hila. Kikiombwa kufuta faili ambalo programu ya mashine hiyo hiyo ingali imelifungua, hakiiambii seva ifute. Huiambia ibadilishe jina la faili, ilipe jina la ajabu linaloanza na nukta na herufi nfs. Majina yanayoanza na nukta hayaonyeshwi katika orodha ya kawaida, basi mtumiaji huamini kwamba faili limekwisha futwa. Programu ya mwisho inapolifunga, ndipo kiini cha mteja kinapotuma ombi la kufuta kwa kweli. Wahandisi wenyewe waliipa hila hii jina la mzaha, wakaiita ubadilishaji jina wa kipuuzi. Mteja akikatiwa umeme kabla ya kutuma ombi la mwisho, faili lile la ajabu hubaki katika seva kama takataka.

Je, amekufa au anangoja?

Mchunguzi anapoitwa kwenye mashine iliyosimama, swali lake la kwanza ni hili: mashine imekufa, au inangoja? Kwa macho ya mtumiaji hali hizi mbili hufanana kabisa. Kibonyezo hakiitiki, na programu hazijibu.

Katika NFS tofauti yake ni kubwa. Kwa kawaida mteja asiyejibiwa na seva hurudia ombi lake bila kikomo, na programu iliyoomba hukwama pale pale. Linux huweza kuandika onyo kwamba kazi fulani imekwama kwa zaidi ya sekunde 120. Onyo hilo si tangazo la kifo. Kiini kingali hai, kinangoja jibu, na seva ikirudi kazi zote huendelea zilipoachia. Anayekimbilia kuizima mashine hiyo na kuiwasha tena hupoteza kazi ambayo ingeokoka, na pamoja nayo hupoteza ushahidi. Haraka haraka haina baraka.

Ushahidi unaobaki

Iwapo kiini kimeanguka kweli, kwa kawaida huwahi kuandika taarifa fupi. Mambo matatu katika taarifa hiyo ni ya thamani zaidi: anwani ya kumbukumbu ambayo kiini kilijaribu kuifikia, amri iliyokuwa ikitekelezwa, na mlolongo wa miito, yaani sehemu ipi ya programu iliita ipi hadi kufika hapo.

Anwani huandikwa katika kizio cha 16, ambamo tarakimu ni 0 hadi 9 kisha a hadi f. Anwani peke yake yaweza kusema mengi. Tuseme kiini kilianguka kwa kusoma anwani 18 katika kizio hicho, ambayo ni 1 × 16 + 8, yaani 24 katika kizio cha 10. Hakuna kitu cha halali kinachowekwa karibu hivyo na sifuri. Maana yake yamkini ni hii: programu ilikuwa na kielekezi cha kuonyesha mahali kadi fulani ilipo, lakini kielekezi hicho kilikuwa tupu, yaani sifuri. Programu ikatafuta sehemu iliyo baiti 24 kutoka mwanzo wa kadi isiyokuwapo. Mchunguzi hufungua maandishi ya programu, akatazama ni kadi ya aina gani yenye kitu katika baiti ya 24, na hapo huwa ameanza kumjua mhusika.

Ishara nyingine ni ya kutegwa kwa makusudi. Linux ikiwekwa katika hali ya uchunguzi, kila kipande cha kumbukumbu kinachorudishwa baada ya matumizi hujazwa baiti 6b, ambayo ni 6 × 16 + 11, yaani 107. Wahandisi huiita sumu. Taarifa ya ajali ikionyesha 6b6b6b6b mahali palipopaswa kuwa na anwani, mchunguzi anajua papo hapo kwamba programu ilitumia kumbukumbu iliyokwisha rudishwa. Ni sawa na mtu aliyehama nyumba lakini akabaki na ufunguo, akarudi usiku na kukuta mpangaji mwingine.

Taarifa fupi isipotosha, huhitajika nakala ya kumbukumbu yote kama ilivyokuwa wakati wa ajali. Hapa pana utata: kiini kilichoanguka hakiaminiki tena kuandika chochote katika diski, kwani chaweza kuharibu hata yaliyo mazima. Tangu mwaka 2005 Linux imekuwa na njia ya kuutatua utata huo. Sehemu ndogo ya kumbukumbu hutengwa tangu mashine inapowashwa, na ndani yake huwekwa kiini cha pili. Kiini cha kwanza kikianguka, cha pili huamshwa, nacho huhifadhi nakala ya kumbukumbu ya mwenzake aliyekufa ili ichunguzwe baadaye.

Kisa cha mwaka 2007

Sasa msomaji anaweza kukifuata kisa chenyewe. Kwa miaka mingi watumiaji wa Linux walikuwa wakikutana, mara moja moja, na onyo lenye mzaha mchungu. Lilisema kwamba sehemu fulani imepachuliwa ilhali inodi zake zingali zinatumika, kwamba mashine itajilipua baada ya sekunde 5, na likamalizia kwa kumtakia msomaji siku njema. Hizo sekunde 5 hazikuwa hesabu ya kweli. Mwandishi wa onyo alitaka kusema tu kwamba kuanzia hapo ajali yaweza kutokea wakati wowote, dakika ijayo au kesho, na mahali popote.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wote. Ajali ikitokea, taarifa yake huonyesha amri iliyoangukiwa, na amri hiyo yaweza kuwa haina hatia kabisa. Yenyewe imepewa anwani mbovu na mwingine aliyetangulia. Kuitazama hiyo peke yake ni kumshitaki aliyeiokota maiti.

Mwezi Novemba 2007 mhandisi mmoja wa Linux alieleza utaratibu wa hatua nane ulioleta onyo hilo. Kwanza, washa seva ya NFS. Pili, pachika sehemu yake katika mashine hiyo hiyo. Tatu, anzisha programu inayofungua faili na kulishikilia. Nne, futa faili hilo. Tano, isimamishe seva. Sita, iue programu iliyoshikilia faili. Saba, washa seva tena. Nane, pachua.

Kila hatua ina kazi yake. Katika hatua ya nne mteja halifuti faili, bali hulibadilisha jina kwa ile hila. Katika hatua ya sita programu inakufa, faili linafungwa, na mteja anatuma ombi la kufuta kwa kweli. Ombi hilo hutumwa bila kungojewa: kiini hulikabidhi kwa mtandao kisha huendelea na shughuli nyingine, kwa kutumaini kwamba jibu litakuja. Lakini seva imesimamishwa, kwa hiyo ombi limebaki njiani, nalo limeishikilia inodi ya faili. Seva inawashwa, na kabla jibu halijarudi mtumiaji anapachua. Kiini kinaanza kukusanya na kurudisha kumbukumbu zote za sehemu ile, kinakuta inodi moja ingali imeshikiliwa, kinaandika onyo, kisha kinaendelea. Baadaye jibu linafika. Linakwenda kuitafuta inodi yake na vitu vilivyoihusu, ambavyo vimekwisha rudishwa, na pengine mahali pake pamepewa mwingine.

Yafaa kuitazama kwa makini hatua ya tano. Seva ikiwa mzima, nafasi baina ya kutuma ombi na kupata jibu ni fupi sana, kiasi kwamba mtu angeweza kupachua mara elfu bila kuangukia ndani yake. Kwa kuisimamisha seva, nafasi hiyo hurefushwa kutoka sehemu ndogo ya sekunde hadi muda ambao mkono wa mtu unaweza kuufikia. Kasoro iliyokuwa ikitokea kwa bahati sasa inaweza kutafutwa kwa makusudi. Jambo lisilorudika haliwezi kupimwa, na dawa yake haiwezi kuthibitishwa.

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi. Kila inodi ilikuwa na hesabu ndogo ya shughuli za ubadilishaji jina wa kipuuzi ambazo hazijakamilika. Mhandisi aliandika kipande cha programu kinachofanya upachuaji ungoje hadi hesabu ya kila inodi ifike sifuri, ndipo kumbukumbu zirudishwe. Kosa basi halikuwa katika kufuta, wala katika kupachua. Kila upande, ukitazamwa peke yake, ulifanya kazi yake vizuri. Kilichokosekana ni makubaliano baina yao: nani anangoja nani.

Kugawa kwa mbili

Si kila mara mchunguzi hupata hatua nane za wazi kama hizo na kuielewa sababu papo hapo. Wakati mwingine anajua tu kwamba toleo la zamani la kiini lilikuwa zima na jipya linaanguka, na baina ya hayo mawili kuna mabadiliko 1,024. Kuyasoma yote ni kazi ya miezi.

Hapo hutumika njia ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuithibitisha kwa kalamu. Jaribu toleo lililo katikati. Likianguka, kosa limo katika nusu ya kwanza. Lisipoanguka, limo katika nusu ya pili. Yanabaki mabadiliko 512. Gawa tena, yanabaki 256, kisha 128, na kuendelea. Kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 10 ni 1,024, majaribio 10 yatosha kulifikia badiliko moja lenye kosa. Lakini njia hii nayo ina sharti: lazima pawepo jaribio linaloleta ajali kwa uhakika. Jaribio likidanganya mara moja tu, nusu yenye kosa hutupwa, na hatua zote zinazofuata huwa bure.

Jaribio la darasani

Mwalimu asiye na kompyuta hata moja anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Mwanafunzi mmoja awe seva, akae nje ya mlango na sanduku la vitabu. Asikumbuke chochote, na atekeleze tu kila karatasi anayoletewa. Mwingine awe kiini cha mteja, akae ndani na daftari la inodi. Wanafunzi watatu wawe programu, waombe kufungua, kufunga na kufuta vitabu kwa majina. Mmoja zaidi awe mtandao, abebe karatasi kutoka ndani kwenda nje na kurudi.

Kwanza wafanye kazi kwa kasi ya kawaida. Yamkini hakuna kosa litakaloonekana. Kisha mwalimu amzuie seva kwa dakika moja, programu moja ikiwa imekwisha funga kitabu kilichofutwa, na amwamuru kiini aufute ukurasa wa daftari na kuuandika mambo mengine. Karatasi ya jibu itakaporudi itatafuta mstari ambao haupo, au mbaya zaidi, itaandikwa juu ya mstari wa kitabu kingine. Baada ya hapo wanafunzi waulizwe: nani amekosa? Wengi watamnyoshea kidole aliyeleta jibu, kwa kuwa mikononi mwake ndimo uharibifu ulimoonekana. Wapewe muda wa kurudi nyuma hatua kwa hatua, kisha watunge kanuni moja tu ya kuzuia ajali isirudi, waijaribu kwa mpangilio ule ule, na waone kama inatosha.